Kidoti Changu Kilipolala Kilimani

Tangu nirudi sijanywa kahawa kwa amani. Nikikaa tu barazani, Athman ananisogezea kikombe na kuuliza, "Haya, bwana harusi, tueleze," na nyinyi wengine mnacheka kabla sijafungua mdomo. Nimeona bora niandike. Kila mtu asome kwake, na atakayecheka acheke mbali na kahawa yangu.

Kwa ambaye hakuwepo: siku niliyoondoka Mambrui niliwawashia lokesheni yangu kwenye grupu letu la simu, mpate kuniona njiani kama kidoti cha buluu kinachotambaa juu ya ramani. Wazo lilikuwa la Athman, ambaye hapendi kusafiri ila anapenda kuona wenzake wakisafiri. Kidoti kikapita Malindi, kikapita Kilifi, kikapanda Ganze, kisha kikakwama juu ya kilima kimoja. Kikalala pale, kikaamka pale, kikashinda pale. Ndipo mlipoanza kusema nimeoa.

Sikuoa. Na kuna mtu nyumbani kwangu anayehitaji maelezo haya kuliko nyinyi nyote. Nitamfikia mwishoni.

Mambrui hadi Sabaki

Aliyenitoa nyumbani ni Rukia, binti wa dada yangu. Mnamjua, yule aliyekuwa akichora njia za mtaa wetu kwa mkaa ukutani hadi mama yake akamnunulia ubao. Sasa yuko Kilifi na vijana wenzake, wanatengeneza ramani ya matangi ya maji. Wakati wa kiangazi maboza, yale malori ya maji, hupanda bara kuwajazia watu. Zamani dereva aliambiwa, "Nenda Ganze, ukifika uliza." Siku hizi kila tangi lina tone lake kwenye ramani ya simu: buluu lina maji, jekundu limekauka. Dereva anabonyeza tone, simu inamwongoza hadi mlangoni. Rukia hupenda kuniambia, "Mjomba, ramani inayohitaji kuelezwa bado haijaisha kutengenezwa."

Alinipigia asubuhi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona sauti imekauka hivyo?"

"Kuna kijiji kimenishinda. Kinaitwa Kwa Jefwa, ng'ambo ya Ganze. Si wewe uliyekuwa ukiuza ng'onda huko?"

Kusikia Ganze, moyo ukaruka. Nilipomaliza sekondari, kabla ya Lamu, Voi, Taveta na kwingineko ambako marehemu mama aliamini nimerogwa niende, nilikuwa na baiskeli na kikapu cha samaki wakavu, nikivipanda vile vilima nikinuka kuliko bidhaa yangu. Sijapata kuwa na furaha kama ile tena. Rukia hajamaliza kueleza, mimi tayari nilikuwa na kiatu kimoja mguuni.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Matangi ya Kwa Jefwa yalikuwa yamewekwa kwenye ramani na mama mmoja wa pale pale, aitwaye Kadzo. Boza la kwanza lilipokwenda, lilimwaga maji yote mahali pamoja, kilimani, kwenye duka la Charo. Na Charo ni kaka yake Kadzo, tumbo moja. Walio karibu walijaza madumu, wa bondeni walipata habari maji yameshakwisha.

"Wanasema alikaa dukani kwa kaka yake, akabonyeza matone yote hapo hapo," Rukia akasema. "Kikundi cha kina mama kimemnyang'anya ufunguo wa tangi lao kubwa, aliokuwa akiushika miaka yote. Boza la pili linakwenda leo. Likikosea tena, Kadzo hana uso wa kuishi pale. Na mimi nikienda peke yangu wataniona msichana wa ofisi. Nataka mtu wa kuongea."

"Kuongea tu?"

"Kwani mjomba, kuna kingine unachokijua?"

Nilitakiwa kuungana na dereva, jina lake Kahindi, anayekaa Sabaki. Rukia akatutumia sote alama ya mahali pa kukutana. Nikaifuata kwa bodaboda hadi darajani, nikashuka, nikaangalia simu. Alama ilikuwa mtoni. Si kandoni: katikati, kwenye maji yale mekundu ya tope. Nikampigia Kahindi.

"Niko hapa kwenye lokesheni," nikamwambia.

"Mimi pia niko kwenye lokesheni. Sikuoni."

"Nimevaa kofia."

"Bwana, wewe watoka Mambrui. Kuniambia umevaa kofia ni kama kuniambia una pua."

"Basi wewe una nini?"

"Mimi nina lori kubwa lenye tangi la maji mgongoni! Hulioni?"

Sikuliona. Tukabishana hadi salio likaanza kutuonya, kila mmoja akimshuku mwenzake kuwa bado yuko kitandani. Kumbe yeye alisimama mwisho wa daraja upande wa Malindi, mimi mwisho wa upande wa Mambrui, na kati yetu kulikuwa na mto mzima na ng'ombe wa watu wakivuka taratibu kwa kujidai. Walipopita ng'ombe, nikaliona boza. Mtu alikuwa amepanda juu ya tangi, akipunga shati.

Sabaki hadi Kibarani

Kahindi ni mnene, mcheshi, na anaendesha huku akiongea na lori lake kama mtu anayembembeleza mkwe. Tulisimama Matsangoni kula viazi karai, akaagiza ukwaju wa ziada, na hapo ndipo aliponipa habari ya safari ya kwanza.

"Nikapanda kile kilima, simu ikaniambia nimefika. Nikabonyeza tangi la pili. Nimefika. La tatu, nimefika. Mjomba, nilikuwa nafika bila kuwasha injini! Nikasema kumbe kazi hii rahisi."

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa. Lakini bosi wangu anaangalia kwenye kompyuta yake. Nikifungua mpira mahali ambapo simu haijasema nimefika, anaona nimeiba maji. Bomba langu limefungwa na simu, si na koki."

Maneno hayo yawekeni kichwani, maana huko mbele yalitufunga sote.

Kilifi tulikaa kwenye foleni ya kujaza maji hadi nikawajua madereva wote na nusu ya wake zao. Lori lilipojaa tukaenda Kibarani, kwenye chumba kilicho juu ya fundi cherehani, ambapo Rukia na wenzake wanafanyia kazi. Akanionyesha Kwa Jefwa kwenye kioo cha kompyuta. Matangi yalikuwa yamebanana juu ya kilima, tone kwa tone, moja nyuma ya duka, moja mbele, mengine yametawanyika kidogo kando.

"Nilipoyaona mara ya kwanza nilidhani ni kijiji kilichojipanga," akasema.

"Rukia! Bara kuna kijiji gani kilichobanana hivi? Kule jirani akikuazima chumvi, hiyo ni safari, unafunga mzigo."

"Mimi nimezaliwa mtaani, mjomba. Kwetu ukipiga chafya chumba cha nyuma, jirani anakujibu. Nikaona sawa tu."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. Ndiye aliyemfundisha Kadzo kazi ile na kumpa simu. Alikuwa akimpenda, na alikuwa akiogopa kwamba labda watu wanasema kweli.

Kibarani hadi Ganze, kwa njia yangu

Tuliondoka watatu tukiwa tumebanana mbele, Rukia katikati na simu mkononi. Mimi nilimwambia azime. Njia hii naijua.

Nilikuwa na ramani yangu kichwani, na ilikuwa nzuri sana, ila haikuwa imesahihishwa tangu nilipokuwa na nywele. "Tutakata kushoto penye duka la samawati," nikasema. Duka halikuwepo. "Basi penye mkwaju uliopigwa radi." Mkwaju ulishachomwa makaa. "Kuna mzee mmoja hukaa kwenye kigoda pale kona, kila siku alinunua kwangu ng'onda wawili."

Kahindi akanitazama. "Huyo mzee tumngoje afufuke, au twende tu?"

Mwishowe nikaona njia niliyoijua kabisa, nikapiga kelele "Hapa!" na tukaingia. Ile njia ilinipeleka nyuma miaka yote, kila jiwe nililikumbuka, hata harufu ya vumbi. Nikawasimulia jinsi nilivyoanguka na kikapu mahali fulani na mbuzi wakala samaki. Tulikwenda hivyo, njia ikizidi kuwa nyembamba na hadithi zangu zikizidi kunenepa, hadi lori likatokea kwenye ua wa watu na njia ikaishia mlangoni.

Palikuwa na hanga, matanga ya Wagiriama, watu wengi wamekaa vivulini na kina mama jikoni. Walipoliona boza, vigelegele. Mama aliyesimamia mapishi akatujia mikono wazi.

"Mudzo?" akatusalimia kwa Kigiriama. "Karibuni! Tulijua tu Mungu hatatuacha na masufuria makavu!" Akageuka. "Leteni ndoo!"

Ndoo zikaja, na madumu, na beseni. Foleni ikajipanga yenyewe nyuma ya lori, imenyooka kuliko ile ya Kilifi. Nyinyi mnanijua, sikosi la kusema. Pale niliinama kutafuta kofia iliyokuwa kichwani. Ilibidi Rukia ashuke, awaambie mbele ya wote kwamba maji yale si yao, na kwamba tulikuwa pale kwa sababu mjomba wake alikuwa akisimulia habari za mbuzi.

Nilingoja tufukuzwe. Yule mama akamtazama Rukia, akanitazama mimi, akaangua kicheko hadi akashika kiuno.

"Basi mmepotea? Na maji yote hayo mgongoni? Haya, kaeni mle. Aliyelala amelala, hana haraka na mtu."

Tukaletewa wari, yaani sima yao nyeupe, na mchunga, ile mboga chungu ambayo ulimi hukataa tonge la kwanza na kuomba la pili. Kikaja na kibuyu cha tembo la mnazi, nikawekewa mbele kwa heshima. Nikaeleza kwamba sinywi. "Ah, ni mudzomba huyu!" akasema mmoja, na kibuyu kikapita juu ya kichwa changu kwenda kwa Kahindi, aliyekitazama kwa huzuni na kusema anaendesha. Kule sisi watu wa mwambao tunaitwa wajomba tangu enzi na enzi, kwa hiyo kuanzia hapo nilikuwa mjomba wa kila mtu, hata wa wazee walionizidi umri.

Kahindi akawashushia madumu yake mwenyewe ya maji ya kunywa. Na Rukia, kwa kuona haya, akauliza kama wana tangi. Walikuwa nalo nyuma ya nyumba, kavu, mjusi amelala ndani. Akasimama kando yake na simu, akalipiga picha, akaandika jina, ili boza lingine lije kwao. Mtandao haukuwepo. "Itatuma yenyewe nikiupata," akasema.

"Na hilo tone letu litakuwa la rangi gani?" yule mama akauliza.

"Jekundu. Maana yake limekauka."

"Hilo hata sisi tulikuwa tumeliona, mwanangu."

Kutoka pale simu ya Rukia iliwashwa na mimi nikanyamaza, au karibu ninyamaze.

Ganze hadi Kwa Jefwa

Tulipanda kilima cha Charo jua likishuka. Tulipofika penye duka, simu ya Kahindi ikasema kwa sauti tamu kwamba tumefika. Ilisema mbele ya watu wote waliokuwa wakitungoja.

"Mmesikia?" Sauti hiyo ilikuwa ya mwenyekiti wa kikundi, Mama Dama, mwanamke mrefu aliyevaa ufunguo shingoni kwa kamba ya mkonge. "Nilisema nini? Hata gari limefundishwa kuja kwa Charo."

Charo mwenyewe alikuwa amejificha nyuma ya kaunta, maskini, akipanga upya viberiti vilivyokuwa vimepangika. Na Kadzo alisimama peke yake kando ya njia, leso mbili, mikono imefungwa kifuani. Alimsalimia Rukia, kisha akaniambia, "Mjomba, mimi nilitembea. Tangi moja moja. Miguu hii."

Mama Dama si mtu mbaya, na hilo nataka mlijue. Ana wajukuu bondeni waliokosa maji. Aliongea kwa utulivu: "Tangi letu kubwa liko chini kule kwa bonde, na mengine yote huko huko. Dereva, shuka ukamwage."

Kahindi akakuna shingo. "Mama, nikimwaga huko, kwa bosi wangu ni wizi. Simu yasema ni hapa."

"Basi umwage hapa?"

"Hapa!" wakajibu walio karibu. "Hapa mtakiona cha moto!" wakajibu wa bondeni.

Basi tukawa hivyo: lori limejaa maji, matangi makavu yanaonekana kwa macho kule chini, na bomba limefungwa na simu. Rukia akampigia bosi wa Kahindi na kumwomba. Bosi akasema ama ramani isahihishwe na kila tangi liwe na ushahidi, ama kesho jioni boza lirudi Kilifi na maji yake. Mama Dama akasikia, akaushika ufunguo kifuani.

"Likigeuka na maji yake," akasema, "huu hataushika tena. Na asije kikundini."

Niliwapigia simu nyinyi pale kilimani, mnakumbuka, nikasema nimefika salama. Kisha nikashuka kulala bondeni kwa jamaa mmoja aliyedai kumkumbuka muuza ng'onda. Alinikumbuka kwa harufu.

Bondeni na kupanda tena

Kutwa nzima ya pili tulitembea na Kadzo, mimi na Rukia na Mama Dama mwenyewe, tangi hadi tangi. Sijatembea vile tangu nilipokuwa na baiskeli mbovu. Kadzo alikuwa mbele, na kila tunapofika anajua. "Hapa niliumwa na mbwa." Mwenye mbwa akatoka, akathibitisha, na kusema mbwa ndiye aliyeanza. "Hapa nilipewa uji." Aliyetoa uji akakubali, akatupa na sisi. Kwenye simu yake alikuwa na picha ya kila tangi.

Mama Dama alitazama zile picha. "Tangi jeusi. Tangi jeusi. Tangi jeusi. Kadzo, haya yote ni pacha. Kuja ulikuja, sikatai. Ulichokwenda kuandika kule kwa kaka yako ndicho sikijui."

"Niliandika hapa hapa. Kule nilikwenda kutuma tu."

"Basi mbona yako kule?"

Kadzo akamtazama Rukia, na Rukia akaitazama simu. Nikajaribu kuongea, kazi iliyonipeleka, nikatoa mifano na methali. Mama Dama akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, wewe ulifaa kuuza samaki."

Tukapanda kilimani alasiri tumechoka. Kahindi alikuwa ameshaanza kukagua matairi ya kurudia. Nilipofika tu penye kichuguu kando ya duka, simu yangu ikapata mtandao, ikatetemeka kama iliyoshikwa na homa. Alikuwa Athman. Nikaiweka kwa sauti ya juu, maana sikio langu la kulia mnalijua.

"Wewe bwana!" Athman akapiga kelele, na Kwa Jefwa nzima ikasikia. "Tangu jana umekaa juu ya kilima kimoja, hutoki! Tunakutazama! Umelala hapo, umeshinda hapo. Sema kweli, umeoa?"

"Nimeoa nani? Nimeshinda bondeni kutwa, miguu imevimba!"

"Bondeni wapi? Kidoti chako hakijasogea hata unyayo! Kidoti hakisemi uongo!"

Watu wakacheka. Kadzo mwenyewe alitabasamu, mara ya kwanza. Ila Rukia hakucheka. Alikuwa amesimama mdomo wazi, akinitazama kama niliyeota pembe.

"Mjomba," akasema, "mwambie aseme tena."

Athman akasema tena, kwa furaha zaidi. Rukia akatoa simu yake haraka. Ilikuwa imeshapata mtandao tangu jana, na ile alama ya tangi la penye hanga, aliloliandika mwenyewe kwa mkono wake, akiwa amesimama kando yake, ilikuwa imekwenda. Akaitafuta kwenye ramani. Akageuza kioo, akatuonyesha.

Tangi la watu wa hanga lilikuwa hapa. Kilimani, nyuma ya duka la Charo.

"Hata mimi," akasema polepole. "Hata mimi nimelileta kwa Charo."

Akamweleza Mama Dama, na nitawaeleza kama alivyosema, maana nilielewa hata mimi. Bondeni hakuna mtandao. Unaandika tangi pale lilipo, simu inaweka, unapanda kilimani, mtandao unaingia, simu inatuma. Wao walipoitengeneza ile fomu, mjini, ambako mtandao uko hata chooni, hawakuwaza kwamba mtu ataandika mahali pamoja na kutuma mahali pengine. Kwa hiyo simu ilikuwa ikiuliza "niko wapi?" pale inapotuma, si pale ulipoandika. Kila tangi likasafiri na Kadzo hadi juu. Na kwa vile alikuwa akizunguka zunguka kutafuta mtandao, mara nyuma ya duka, mara kwenye kichuguu, matone nayo yakatawanyika kidogo, yakafanana na kijiji.

"Kwa hiyo huyu mjomba alikuwa bondeni, lakini kwao walimwona hapa, mtandao ulipomwishia jana," Mama Dama akasema.

"Ndiyo."

"Na Kadzo alikuwa bondeni, lakini kwenu mkamwona hapa."

"Ndiyo, mama. Kosa ni letu. Langu."

Mama Dama akautazama ufunguo kifuani. "Nimesikia. Lakini dereva bado anataka ushahidi, na jua halingoji."

Ndipo Rukia akamwomba Kadzo simu. Zile picha. Picha iliyotumwa ilifika Kibarani imevuliwa kila kitu, lakini ile iliyobaki kwenye simu bado inakumbuka ilipopigwa. Akafungua ya kwanza, akabonyeza, ramani ndogo ikajitokeza: bondeni, penye mbwa. Ya pili: bondeni, penye uji. Akakaa juu ya kichuguu, ambapo mtandao ulikuwa mzuri, akiongea na wenzake wa Kibarani, akihamisha tone moja baada ya jingine. Sisi tulimzunguka, tukiyatazama yakitoka kilimani na kushuka kila moja upande wake, kama kuku waliofunguliwa banda asubuhi. Kila tone lilipotua mtu alipiga kelele: "Hilo letu!" "Hilo la shule!" Mwenye mbwa alishangilia kuliko wote.

La mwisho lilikuwa lile tangi kubwa la kikundi. Likatua chini kabisa, penye mkondo.

Simu ya Kahindi ikalia. Ikasema kwamba hajafika. Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo kuambiwa hajafika. Akaruka ndani, lori likashuka kilima likiimba, na sote nyuma yake tukikimbia kwenye vumbi, hata Charo, aliyeacha duka wazi. Penye tangi kubwa simu ikatamka, bomba likafunguliwa, na ile sauti ya maji yakipiga chini ya tangi tupu ikasikika. Watu waliokuwa wakipiga kelele wote wakanyamaza kuisikiliza.

Mama Dama akavua ile kamba ya mkonge. Hakuomba radhi, na Kadzo hakuingoja. Alimvika tu.

"Shika," akasema. "Shingo yangu imechoka."

Kurudi

Tuliporudi kilimani kuaga, Rukia alikuwa akifuta alama za zamani pale juu. Kadzo akamzuia. "Acha moja," akasema. "Atakayekuja atataka kujua mahali pa kupata mtandao. Mimi niliutafuta wiki nzima kabla ya kuuona."

"Tuiite nini?"

Kule mahali huitwa kwa jina la mtu, na kwa kawaida mtu huyo awe ameshakufa siku nyingi, kama Jefwa. Watu wakawa wanafikiri. Mama Dama ndiye aliyesema jina, na alilisema akitazama kwingine, na Rukia akaliandika pale pale pamoja na onyo aliloongeza Kahindi, asije dereva mwingine akapotea.

Matangi ya bondeni yalipojaa, maji yaliyobakia tuliyapeleka penye hanga. Tone lao tayari lilikuwa limesharudi kwao, na simu ya Kahindi ikakubali kwamba tumefika. Yule mama aliniuliza kama safari hii tumekuja kwa kukusudia. Tukala tena mchunga. Kutoka hapo hadi nyumbani sikutoa mwelekeo wowote, na tulifika mapema.

Nilimkuta Zuhura, mke wangu, amekaa ukumbini. Habari za Athman zilikuwa zimemfikia kabla yangu. Hakugomba. Aliniwekea wali na samaki wa kupaka, akaningoja ninawe, kisha akasema, "Nionyeshe hicho kilima."

Mimi, kwa moyo mweupe, nikafungua ramani ya Rukia. Nikamwonyesha bonde lote, matone yote ya buluu, kila moja mahali pake. Nikamweleza habari ya fomu, mtandao na picha, na nadhani nilieleza vizuri. Kisha nikasogeza hadi pale juu ya kilima, pale pale ambapo kidoti changu kililala, na Zuhura akavaa miwani akasoma kwa sauti yale maneno:

*Kwa Kadzo. Mtandao upo. Maji hamna.*

Akavua miwani.

"Na huyu Kadzo," akasema, "ni nani?"

Basi ndugu zangu, ndiyo sababu nimeandika haya yote kwa kirefu. Athman, ukimaliza kusoma, mpelekee Zuhura, kisha ukae naye umweleze kwa kinywa chako kwamba kidoti husema uongo.